Mboga Zinanyauka na Udongo Una Maji? Angalieni Mizizi

Vikundi vingi vya akina mama na vijana vimepanda sukuma wiki, kabeji na karoti ili vipate mboga ya nyumbani na pesa kidogo ya kikundi. Halafu asubuhi moja mnakuta miche kadhaa imelegea. Mmoja anasema ni jua, mwingine anasema ni ugonjwa, na mweka hazina anatumwa dukani akanunue dawa ya kupulizia. Kabla hajaondoka, ng'oeni mche mmoja muutazame.

Mmea hunywa maji kwa vimizizi vyembamba kama nywele. Wadudu wa chini wakivila, majani hukosa maji hata kama mlimwagilia jana. Mwanzoni mmea hulegea saa sita mchana na kuinuka jioni. Baadaye hauinuki tena. Ule unaopona hubaki mfupi na wa manjano, na majeraha ya mzizi huwa mlango wa kuoza. Kwa karoti hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu kile tunachouza ndicho mdudu anachokula. Karoti yenye mashimo ni nani sokoni ataichukua?

Sasa tazameni mche umeharibika wapi. Ikiwa umekatwa usiku pale shina linapogusa udongo, hiyo ni kazi ya funza mkataji, ambaye wengine humwita sota. Huyu ni wa rangi ya kijivu au kahawia, na ukimgusa hujikunja. Mchana hujificha karibu na mche aliokata, kina cha kidole tu. Fukueni asubuhi na mapema, mtampata. Kwa miche iliyobaki, zungushieni kila shina kipande cha karatasi ngumu au ganda la mgomba, kiingie udongoni kidogo.

Ikiwa mche unang'oka kirahisi na mizizi imetafunwa, chimbeni hapo mtafute funza mweupe, mnene, aliyejipinda, mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita karibu na kichwa. Huyo ni mtoto wa mbawakawa. Nabii Yoeli alitaja nzige, ambao kila mtu huwaona. Hawa wetu wanakula gizani kwa miezi mingi. Hupenda shamba lililokuwa nyasi juzijuzi, na mbolea ya boma isiyooza. (Si kila funza wa kwenye mbolea ni adui, wengine hula takataka tu. Lakini afadhali kuwaokota.)

Na mkikuta mizizi ina vinundu vilivyofura, huyo si mdudu. Ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na dawa ya wadudu haitasaidia. Ila msing'oe maharagwe kwa hofu! Vinundu vyake vinavyobanduka kwa kidole, vyekundu kidogo ndani, ndivyo vinavyolisha mmea na udongo.

Dawa inayopulizwa juu ya majani haimfikii funza mweupe aliye chini, kwa hiyo pesa ya kikundi hupotea bure. Dawa za kuchanganya na udongo ni sumu kali, na sukuma wiki tunaichuma kila baada ya siku chache. Msiziguse bila kumwuliza afisa wa kilimo, na bila kujua ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma.

Kazi kubwa ni kabla ya kupanda. Limeni kwa kina wiki tatu au nne mapema, mng'oe magugu yote, kwa maana nondo wa sota hutaga mayai hapo. Mbolea iwe imeoza hadi haina joto wala harufu. Siku ya kulima fungulieni kuku wafuate jembe. Wataokota funza wengi kuliko ninyi. Miche ikishapandwa, wafungieni, la sivyo watachakura hata mboga zenyewe.