Kagua Mizizi ya Okidi Kabla ya Kulipa

Maua ya okidi hudumu kwa wiki kadhaa hata mmea wenyewe ukiwa umekwisha kudhoofika, hivyo mnunuzi asiyafanye kipimo. Majani yaliyolegea nayo hayatoshi: hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile kwa maji kupita kiasi, kwa kuwa mizizi iliyooza haiwezi kuyafikisha maji juu.

Falenopsi, okidi iliyozoeleka zaidi madukani, mara nyingi huuzwa katika chungu cha plastiki kinachopenyeza mwanga. Kiinue, utazame. Mzizi mzima haubonyei. Ukikauka huwa na rangi ya fedha, ukilowa hugeuka kijani. Mzizi wa kahawia unaobonyea umeoza: ukiuvuta taratibu, ganda huchomoka ukabaki uzi mwembamba. Uliosinyaa na kukauka kama karatasi umekosa maji. Mizizi ya ndani isiyopata mwanga yaweza kuwa ya manjano au hudhurungi. Maadamu ni migumu, haina kasoro.

Chungu cha nje cha urembo kisipokuwa na tundu, maji hutuama humo. Yamwage kila baada ya kumwagilia. Muuzaji akikuzuia kuitazama mizizi, usinunue.