Tumbo Lauma, Mwili Umechoka: Tahadhari na Vidonge vya Maumivu

Kuna uchovu wa kazi, na kuna uchovu wa maradhi. Wa kwanza huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Wa pili humlaki mtu kitandani asubuhi kabla hajashika ufagio, pamoja na kiuno kinachouma, magoti mazito na kichwa kinachogonga. Akina mama wengi wanaoishi na vidonda vya tumbo wanaujua uchovu huu wa pili. Dawa za tumbo zimenunuliwa na kumezwa, lakini nguvu hazirejei. Jamaa huanza kunong'ona kwamba ni uvivu. Wengine husema ni jicho la watu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uchovu na maumivu hayo hubaki, na kwa nini kidonge cha maumivu cha dukani, ambacho wengi wetu hukikimbilia, huenda ndicho kinachoyarefusha maradhi.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Pap Onditi, katika Kaunti ya Kisumu. Familia nyingi za pwani zina watoto na jamaa walioolewa au wanaofanya kazi katika ukanda wa ziwa, na huko maradhi ya tumbo hukutana kwa wingi kiasi cha kumfanya mgonjwa asijue lipi linalomsumbua.

Uwanda wa Nyakach

Neno *pap* kwa Kijaluo maana yake ni uwanda. Pap Onditi ni mji mdogo wa Nyakach, kwenye barabara itokayo Katito kuelekea Kendu Bay, mji wa ziwani wenye jamii ya Waislamu na msikiti wake wa Tawakal. Upande mmoja pameinuka nyanda za Nyabondo; upande wa pili ardhi ni tambarare hadi Ziwa Viktoria. Mvua ikizidi, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na tena 2024, maji hutanda uwandani, vyoo hufurika na visima huchafuka.

Mama wa huko hulima, huchota maji, huanika omena na kubeba kuni. Akisema amechoka na tumbo linamkata, sababu zaweza kuwa malaria, taifodi, kichocho, vidonda vya tumbo, au mawili kati ya hayo kwa pamoja. Ndiyo maana kukisia hakufai. Tuanze na vidonda, kwa kuwa ndivyo vinavyodumu miaka.

Chanzo cha vidonda

Wazee wetu waliambiwa kwamba vidonda huletwa na pilipili na fikira nyingi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachoishi katika utando wa tumbo, kiitwacho *Helicobacter pylori*. Wenzao hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall alikinywa kijidudu hicho mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Pilipili na ndimu zaweza kumchoma aliye na kidonda, lakini si kawaida yake kukianzisha.

Kijidudu hiki kikithibitishwa, tiba yake ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa kawaida siku kumi na nne. Wengi hukatiza siku ya tano maumivu yanapotulia, na kijidudu hubaki kikiwa kimezoea dawa. Baada ya matibabu yafaa kupimwa tena, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki na wiki mbili bila omeprazoli. Kipimo cha choo ndicho cha kuombwa. Kile cha damu huweza kuendelea kuonyesha maradhi hata baada ya mtu kupona, na hivyo kumrudisha kwenye dawa asizozihitaji.

Kidonge kinachokula tumbo

Sababu kubwa ya pili ya vidonda ni dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Mwili hutengeneza kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, na kemikali za ukoo huohuo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Dawa hizi huzizuia zote. Goti hutulia, nalo tumbo hubaki bila kinga. Mwenye kijidudu tumboni akimeza dawa hizi kila siku, hatari yake huongezeka zaidi.

Hapa ndipo mzunguko unapofungika. Mama ana kidonda. Kidonda kinavuja damu kidogo kidogo, damu inapungua, na mwili unachoka na kuuma. Anakwenda dukani kununua vidonge viwili vya maumivu. Mwili watulia kwa saa chache, kidonda chazidi kuvuja, na kesho uchovu umeongezeka. Kwa jirani, mama huyu ni mtu mwenye maradhi mengi, ilhali huenda ni maradhi mamoja yanayolishwa na dawa ya maumivu.

Kuna mambo mawili watu hudanganyika nayo. La kwanza ni sindano. Wengi hudhani sindano ya diklofenaki ni salama kwa kuwa haipiti tumboni, lakini dawa hiyo hufika kwenye ukuta wa tumbo kupitia damu. La pili ni kumeza baada ya kula, jambo linalopunguza kichefuchefu bila kuiondoa hatari ya kidonda. Tena baadhi ya vidonge vya kichwa na mafua vina aspirini ndani yake. Soma pakiti, au umuulize mfamasia.

Kwa mwenye vidonda, dawa ya maumivu iliyo salama zaidi ni parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo apate ushauri wa kupunguza. Kukandwa kwa maji moto na kusuguliwa kwa mafuta ya nazi au ya simsim kiunoni na magotini nako husaidia, bila madhara tumboni.

Damu inayopungua kimya kimya

Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Mjamzito, chini ya 11. Kipimo chake ni cha haraka. Dalili zake ni uchovu, moyo kwenda mbio unapopanda kilima, kizunguzungu na weupe wa kiganja na ndani ya kope. Iko nyingine inayofichwa kwa haya, nayo ni hamu ya kula udongo. Pwani yetu tunaijua, na Nyakach wanawake hutafuna jiwe laini liitwalo *odowa*. Hamu hiyo mara nyingi ni alama ya upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe waweza kuzuia chuma cha chakula kisifyonzwe, mbali na kuleta mayai ya minyoo. Anayetafuna asikemewe, apelekwe akapimwe damu.

Vidonge vya chuma huhitaji subira. Vyaweza kuchoma tumbo, na daktari huweza kushauri vimezwe siku moja na kuachwa siku ya pili. Vimeze kwa maji ya chungwa au ndimu ikiwa tumbo lavumilia, na usivifuatishe na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Subiri angalau saa moja. Damu ikishafika kiwango chake, dawa huendelezwa kwa takriban miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba ya mwili. Atumiaye omeprazoli kwa miaka amweleze daktari, maana dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa chuma na wa vitamini B12. Upungufu wa B12 nao huchosha, na hufanya vidole kufa ganzi.

Katika chakula, omena, samaki, nyama na maini hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kuliko kile cha mboga. Kunde, mchicha na mnavu, ambao Wajaluo huuita *osuga*, zifuatane na kitu kichachu ili zifae zaidi. Maziwa hutuliza kidonda kwa muda tu, kisha asidi huongezeka. Yanywe kama chakula, yasifanywe dawa.

Taifodi isiyoisha, na kichocho

Wako watu waliotibiwa taifodi mara tano kwa mwaka. Mara nyingi kipimo kilichotumika ni kile kiitwacho Widal, ambacho hutafuta alama za kinga katika damu. Alama hizo zaweza kubaki baada ya maradhi kwisha, au kuonekana kwa sababu nyingine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Ukiambiwa kwa mara ya tatu kwamba una taifodi, ilhali huna homa kali, uliza kwa adabu: je, hakuna sababu nyingine?

Kichocho cha matumbo nacho ni cha ziwani hasa. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuchota maji ziwani, kisha hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha pengine kwa damu, na huchoka. Tiba ni prazikwanteli, kwa kipimo cha uzani wa mgonjwa. Dawa hiyo haimkingi anayerudi majini, kwa hiyo aliyetibiwa aweza kuambukizwa upya. Jamaa anayerudi pwani kutoka ziwani akiwa na uchovu usioeleweka amtajie daktari kwamba aliishi huko, kwani daktari wa Mombasa huenda asilifikirie.

Kuishi siku kwa siku

Tiba ya chanzo huchukua wiki, na nguvu huchukua miezi kurudi. Katika muda huo mgonjwa aigawe kazi. Afue nusu leo na nusu kesho, amenye viazi akiwa amekaa, na apumzike kabla ya kuishiwa nguvu badala ya kungoja aanguke. Atembee kidogo kila siku, kwa maana kulala mchana kutwa hudhoofisha misuli na kuharibu usingizi wa usiku. Asiyeweza kusimama katika sala ana ruhusa ya kusali akiwa amekaa. Waume na watoto wakubwa nao wachukue ndoo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na hakuna mume anayepungukiwa heshima kwa kuchota maji.

Kuhusu Ramadhani, mwenye kidonda kinachovuja damu au aliye katikati ya matibabu amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuipokea ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Akiruhusiwa kufunga, dawa za mara mbili kwa siku zaweza kupangwa wakati wa futari na daku, na omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya chakula. Aanze futari kwa tende na uji, sambusa na bajia ziwe chache, na asilale mara baada ya kula.

Usisubiri kesho

Nenda hospitali mara moja ukiona choo cheusi kama lami chenye harufu kali, matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa, maumivu ya ghafla yanayolifanya tumbo kuwa gumu, au kuzirai. Vidonge vya chuma huweza kukifanya choo kuwa cheusi, lakini ukiwa na shaka usijiamulie. Kupungua uzani bila sababu na chakula kukwama kooni nako kwahitaji kipimo cha kamera ya tumbo, ambacho kwa mtu wa Nyakach huenda kikamaanisha safari ya Kisumu. Safari hiyo haifai kuahirishwa hadi baada ya mavuno.

Kwa wiki hii twapendekeza jambo moja dogo. Fungua droo au mkoba unaohifadhi dawa za nyumbani, usome kila pakiti ya dawa ya maumivu, na zile zenye ibuprofeni, diklofenaki au aspirini uziweke mbali na mwenye vidonda. Ikiwa daktari ndiye aliyempa aspirini kwa ajili ya moyo, asiiache bila kumuuliza. Kisha muulize mama, dada au shangazi yako aliyechoka kwa muda mrefu: mara ya mwisho ulipimwa damu lini? Akikosa jibu, fuatana naye zahanati.