Maji ya Bunia na Ombwe Bandia

Mji wa Bunia uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Mombasa. Wapishi wa maharage wanaijua adha yake. Sasa fikiria maji ya nyuzi 98. Mombasa hayo ni maji tu. Hapa kwetu yalipaswa kuwa mvuke, lakini yakiwa safi, ndani ya chombo laini kisicho na mkwaruzo, yanaweza kufika nyuzi hizo na kutulia bila kutoa hata kiputo kimoja. Yanaishi kwa muda wa kuazima.

Anga tupu nalo linaweza kuwa katika hali kama hiyo, na wanafizikia huliita ombwe bandia. Sidney Coleman wa Harvard alionyesha mwaka 1977 jinsi ya kukokotoa uwezekano wa kuporomoka kwake, miaka 3 baada ya Kobzarev, Okun na Voloshin kulifungua suala hilo Urusi.

Siri ya kuporomoka huko, kama ya kuchemka, iko kwenye ukubwa wa kiputo. Kujenga ngozi yake kunagharimu nishati, na gharama hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha nusukipenyo. Faida ya kugeuza kilichomo ndani hukua kwa kipeo cha tatu. Kiputo kidogo, basi, hulemewa na gharama, kikajikunja na kufa. Kikivuka kipimo fulani, faida inashinda na hakirudi nyuma tena. Mkwaruzo wa sufuria hupunguza gharama hiyo, kwa hiyo chai yetu haichelewi. Ombwe halina sufuria: hungoja joto kali, au bahati ya kwanta. Kiputo chake kikifaulu kuzaliwa, ukuta wake hutanuka hadi kukaribia mwendo wa nuru, hivyo onyo lingetufikia karibu pamoja na ukuta wenyewe.

Je, sisi tumo ndani ya ombwe bandia? Chembe ya Higgs, iliyotangazwa CERN mwaka 2012, ina uzito wa GeV 125 hivi. Ukiuweka pamoja na uzito wa chembe nyingine, kwaki ya kilele (top quark), hesabu zinaelekea kusema ndiyo, ingawa kosa dogo la vipimo linatosha kugeuza jibu. Muda wa kungoja unaupita mbali mno umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Na wanaohofia mashine za CERN walijibiwa tangu 1983 na Piet Hut na Martin Rees: miale ya anga imekuwa ikigongana kwa nishati kubwa zaidi kwa mabilioni ya miaka. Hofu hii, kwa maoni yangu, imepewa kurasa nyingi kuliko inavyostahili.

Mimi huvutiwa zaidi na yaliyokwisha kupita. Ulimwengu ulipopoa, sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kuanza, uga wa Higgs ulibadili hali. Kama ulifanya hivyo kwa viputo, kuta zake ziligongana na kuacha mawimbi ya mvutano yanayosafiri hadi leo. Shirika la anga la Ulaya linaandaa LISA, vyombo 3 vitakavyorushwa katikati ya miaka ya 2030, na mawimbi ya namna hiyo ni miongoni mwa vitakavyotafutwa. Tatizo ni kwamba Higgs ya GeV 125, kwa nadharia tuliyo nayo, inatoa badiliko laini lisilo na kiputo. Mawimbi ya enzi hiyo yakisikika, itabidi kutafuta chembe au nguvu ambayo haimo katika orodha yetu.