Jirani wa Ndani ya Basi

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, maji ya kuchemsha, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba utuvumilie, maana tunataka kuongea juu ya kitu ambacho hakiuzwi katika duka la dawa wala hakipimwi maabara. Ni yale maneno machache tunayopeana na mtu tusiyemjua: ndani ya basi, kwenye foleni ya zahanati, bombani, gulioni. Huenda utauliza, hayo yanahusiana nini na afya? Hata sisi tungeuliza hivyo, mpaka siku tulipomsindikiza shangazi yetu kwenda Dar es Salaam.

SAFARI KUTOKA NJOMBE

Shangazi ana miaka 58, ni mjane, anakaa na mjukuu mmoja. Alikuwa ameandikiwa barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Tangu siku alipoambiwa kwamba ana saratani ya shingo ya kizazi, alikuwa hasemi. Hakulia wala hakulalamika. Ukimwuliza kitu alijibu "ndiyo" au "hapana", basi. Nasi, kwa kuwa ni watu wa kuandika mambo ya afya, tulimweleza habari za mionzi, za vipimo na za gharama. Alitusikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Tulipanda basi Njombe alfajiri, baridi ya kule mnaijua. Siti ya pembeni ya shangazi ilikuwa wazi, sisi tukakaa nyuma yake. Makambako akapanda mama mmoja mfanyabiashara, umri wake kama miaka arobaini, anakwenda Kariakoo kununua mzigo. Akakaa pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na baridi. Mnafika Dar?"

"Tukijaliwa."

Yakaishia hapo. Basi lilikwenda mwendo mrefu kabla yule mama hajatoa kitenge kwenye mfuko wake na kusema, "Mama, jifunike miguu, hili dirisha linapitisha upepo." Shangazi akapokea.

Tulipofika Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, kondakta akatangaza kwamba watu washuke wakachimbe dawa. Shangazi hakutaka kushuka. Sisi tulimsihi, akakataa. Yule mama akamwinamia na kumnong'oneza neno, tukaona shangazi anaitikia kwa kichwa. Akamfunga kile kitenge kiunoni, wakashuka pamoja polepole, wakarudi pamoja. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba shangazi alikuwa anatokwa damu, na kwamba hofu yake kubwa tangu asubuhi haikuwa kifo. Ilikuwa kuchafua siti na watu kumcheka. Sisi ndugu zake, pamoja na maelezo yetu yote ya mionzi, jambo hilo hatukuwa tumeliwaza hata kidogo.

Tuliposhuka mlima Kitonga walikuwa wameshaanza kuongea. Ruaha Mbuyuni walinunua vitunguu dirishani, wakagawana fungu moja. Tunakiri kwamba tulisikiliza maongezi yao. Si adabu, lakini siti za basi ziko karibu karibu. (Shangazi mwenyewe ameturuhusu kuyaandika haya.) Alimweleza yule mama kwamba damu ilianza zaidi ya mwaka mzima nyuma, wakati hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi. Aliona aibu, akatumia dawa za mizizi, akanyamaza. Hata zahanati alipokwenda mara ya kwanza alisema anaumwa mgongo. Mambo ambayo hakutuambia sisi aliowalea, alimwambia mtu aliyemfahamu kwa saa chache.

Tumelifikiri sana jambo hili. Twaona kwamba mgeni ana nafasi ambayo ndugu hana. Mgeni hatakwenda kuyasema nyumbani. Hana hofu machoni, maana hatapungukiwa na kitu sisi tukifa. Tena atashuka kituo chake, na siri itashuka naye.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita katikati ya wanyama kwa kilometa kama 50, twiga wawili walikuwa wamesimama karibu na lami. Mnajua basi linavyokuwa hapo: hata waliolala huamka, na watu ambao hawajasemeshana tangu asubuhi huanza kuonyeshana kwa vidole. Shangazi akamtazama twiga, akasema, "Na shingo yote hiyo, akiumwa koo atafanyaje?" Siti zote za jirani zilicheka, na yeye akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka kwa majuma matatu.

Tuliingia kituo cha Mbezi usiku. Katika ule msongamano yule mama alitusaidia kubeba mkoba mpaka kwenye teksi, akasema "Mungu awatangulie", akapotea katika watu. Hatukumwuliza jina.

Siku iliyofuata daktari alipouliza damu ilianza lini, shangazi alijibu mwenyewe, wazi, bila kuzungukazunguka. Labda ni kwa sababu alikuwa ameshalisema mara moja, na dunia haikuanguka. Basi akina mama mnaosoma ukurasa huu, tafadhali: damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, si ya kungojea wala ya kufanyia aibu. Ni ya kupeleka hospitali upesi.

UPWEKE SI WA WAZUNGU PEKE YAO

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya, kwamba huku kwetu tuna ukoo, jumuiya, vikoba na misiba ya kutukutanisha. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kuchunguza suala hili mwishoni mwa mwaka 2023, na taarifa yake ilitolewa mwezi Juni 2025. Taarifa hiyo inasema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na inakadiria kwamba upweke unachangia vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Lakini lililotushtua sisi ni hili: katika nchi zenye kipato kidogo watu kama asilimia 24 walisema wanajisikia wapweke, wakati katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Yaani nchi maskini wamezidi mara mbili!

Wala vijana hawakupona. Kati ya wenye umri wa miaka 13 hadi 29, asilimia 17 hadi 21 walisema ni wapweke. Wazazi wenye vijana wanaojifungia chumbani na simu mpaka usiku wa manane wanajua tunachosema.

Hapa tufafanue kidogo. Kuwa peke yako siyo upweke. Mchungaji wa ng'ombe anaweza kushinda porini kutwa nzima na roho yake ikatulia. Upweke ni pale mtu anapohitaji mwenzake wa kumwelewa na hamwoni, hata kama nyumba imejaa watu. Shangazi alikuwa na watu wengi siku zile. Kila jioni walikuja kumpa pole, wakakaa, wakaongea wao kwa wao, wakaondoka.

Taarifa hiyo inaeleza kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari na kufa mapema, na kwamba mtu mpweke ana uwezekano mara mbili zaidi wa kupata sonona. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wataalamu wa Marekani walikusanya matokeo ya uchunguzi 148 uliohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye mahusiano mazuri na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa kadiri ya asilimia 50, kuliko wale wasiokuwa nayo.

Utasema, hayo ni mahusiano ya kudumu, ya ndoa na urafiki. Salamu ya ndani ya basi inaingia wapi? Swali ni zuri. Mjini Chicago wataalamu wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, waliwagawa wasafiri wa treni na mabasi: wengine waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, wengine wafanye kama siku zote. Watu waliotakiwa kukisia tu walisema kuongea na mgeni kutaharibu safari. Ikawa kinyume. Walioongea ndio waliosema safari yao ilikuwa nzuri zaidi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014. Tatizo, walisema, ni kwamba kila mtu anamdhania mwenzake kuwa hataki kusemeshwa, basi wote wananyamaza, kila mmoja akingojea mwingine.

Hatusemi kwamba "shikamoo" inatibu saratani. Shangazi alitibiwa kwa mionzi na dawa, wiki kadhaa, na hakuna neno tamu linaloweza kushika nafasi ya hayo. Tunachosema ni kwamba neno lile lilimfikisha kwa daktari akiwa mtu anayeweza kusema.

BENCHI LA MABIBI

Tuvuke mpaka kidogo, twende Zimbabwe. Huko daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia yake ilitaka kumrudisha hospitali, ikakosa nauli ya basi, dola 15. Daktari alijiuliza: kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, nani yuko karibu naye? Jibu lilikuwa mabibi. Mwaka 2006 alianza na wanawake wazee 14 katika kitongoji cha Mbare, mjini Harare. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza, na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja aanze nalo.

Maneno waliyotumia hayakuwa ya kitabuni. Kwa Kishona huyaita mateso hayo "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi kwenye benchi, asilimia 14 ndio waliobaki na dalili za sonona. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50 walikuwa nazo bado. Wazo hilo limefika mpaka Malawi na Zanzibar.

Na sisi mabenchi tunayo! Yako nje ya kila kliniki, na watu hukaa juu yake saa tatu wakingoja kuitwa, kila mmoja ametazama ukuta.

TAHADHARI NAZO ZIPO

Msitufahamu vibaya. Ndani ya mabasi yetu wako wezi, na onyo la kutopokea chakula au kinywaji kwa usiyemjua lina sababu zake. Watu wamelazwa usingizi wakaibiwa kila kitu. Vitunguu vile shangazi na mwenzake walivinunua wenyewe dirishani. Watoto wafundishwe kuamkia wakubwa wakiwa na mzazi, wala wasiondoke na mtu yeyote. Na akina baba wengine wanaomsumbua binti wa watu kutoka Morogoro mpaka Dodoma wakiita hayo maongezi, wajue sivyo. Mtu akijibu kwa mkato, mwache apumzike.

Kikohozi nacho ni cha kuangaliwa: fungua dirisha, ziba mdomo kwa kitambaa. Mnakumbuka mwezi Machi 2020, wakati wa korona, marehemu Rais Magufuli na marehemu Maalim Seif walipoamkiana Ikulu kwa kugusana miguu. Watu walicheka, lakini wakaona pia kwamba mkono ukikatazwa, salamu hutafuta njia nyingine.

Tena ikitokea kwamba katika maongezi hayo mtu anakwambia amechoka kuishi, usikimbilie kumhubiria wala kumkemea. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wanatuhakikishia kwamba kuuliza hivyo hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafuu kwa kuwa mtu amemsikia. Usimwache peke yake, na umpeleke kwenye kituo cha afya, hata kama ni lazima ukose basi lako.

Safari ya kurudi, shangazi alikaa na kijana aliyeziba masikio kwa vile visikilizio vya simu. Akamgusa bega. "Mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?" Kijana akashtuka, akacheka, akaamkia, akatoa kisikilizio kimoja. Kufika Chalinze alikuwa ametoa na cha pili. Alikuwa anakwenda Mafinga kumzika baba yake. Hatujui waliongea nini, maana safari hiyo tulikaa mbali, lakini kijana aliposhuka alimshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa shangazi hurudi Dar kliniki kila baada ya miezi michache. Kile kitenge alibaki nacho kiunoni usiku ule wa Mbezi, na mwenyewe hakukidai. Amekifua, amekikunja, anatembea nacho kwenye mkoba. Basi likisimama Makambako hufungua dirisha, hata kama ni baridi, akawatazama wanaopanda mmoja mmoja.