Injini Kubwa kwenye Gari la Familia: Kweli au Si Kweli?

Kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik, ukishapita Litein na kuingia Kapkatet, gari la familia kwa wengi ni Probox au ile Toyota Corolla ya miaka ya tisini tunayoiita 110. Hupeleka watoto shuleni, hubeba viazi siku ya soko, na usiku wa manane hukimbiza mgonjwa hospitalini. Kwa vijana wengi, gari hilohilo ni mwili tu unaongoja injini nyingine.

Hamu hiyo si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ya Marekani ilichukua Tempest, gari la kawaida la nyumbani, ikalitia injini ya lita 6.4 na kuliita GTO. Leo mafundi wa huko hupenda V8 za General Motors za jamii ya LS, zilizoanza kwenye Corvette ya 1997, na huzipandikiza kwenye magari waliyoachiwa na wazee wao. Kapkatet tunafanya jambo lilelile kwa injini ndogo zaidi. Tatizo ni maneno yanayozunguka gerejini: mengine ni ya kweli, mengine ni uvumi unaomla mtu pesa, na mengine yanaweza kumtoa uhai.

"V8 ya Kimarekani ingewaacha wote kwenye milima yetu."

Si kweli, na jambo hili lilishajaribiwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Mercury, tawi la Ford, lilileta magari yake aina ya Comet kwenye mashindano ya magari ya Safari. Comet lilikuwa gari la familia, lakini hayo yaliyoletwa yalikuwa na V8 ya lita 4.7. Yalikuja na sifa kubwa pia. Mwaka uliotangulia, kwenye uwanja wa Daytona, Florida, Comet zilikimbizwa maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Hakuna aliyetilia shaka uimara wa injini zile.

Ila Daytona ni lami laini. Safari ilikuwa matope, mawe na madaraja yaliyozama. Katika kikosi kizima, Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, na msaidizi wake Bill Young, kwa Ford Cortina GT ya lita 1.5. Ukubwa wa injini ile haupishani na wa Probox inayopita mbele ya duka lako.

Miongoni mwa waliokabidhiwa Comet mwaka ule alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka uliofuata, yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544, gari lililokwisha kutumika, la injini ya lita 1.8, wakashinda Safari. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Ushindi wake wote wa mara tatu ulikuja kwa injini ambazo hazifikii nusu ya ile V8. Kama kuna jina ambalo kila kijana wa eneo hili mwenye ndoto ya magari anapaswa kulijua, ni hilo.

"Nguvu farasi ndizo zinazopandisha mlima."

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa hiyo tuende polepole.

Injini inayotamaniwa zaidi kwa Corolla 110 ni 4A-GE ya valvu ishirini, ile yenye kifuniko cheusi, iliyotoka kwenye Corolla Levin. Karatasi za Toyota zinaipa nguvu farasi 165. Injini ya kawaida ya 110, 5A-FE ya lita 1.5, ina 100. Ukiishia hapo, uamuzi ni rahisi.

Sasa soma mstari wa pili. Hizo 165 hupatikana injini ikizunguka mara 7,800 kwa dakika. Nguvu yake ya kuvuta, ile mafundi wanayoiita toki, hufika kilele cha kama nyutonimita 162 kwenye mizunguko 5,600. Nani huendesha hivyo kutoka Sotik akiwa na watu wanne, mtoto mapajani na gunia la mbolea kwenye buti? Watu hupanda kwa gia ya tatu, mizunguko 2,500 au 3,000. Kwenye mizunguko hiyo 4A-GE bado imelala. Kuiamsha kunawezekana: rudisha gia, kanyaga mafuta, iache ipige kelele. Gari litapanda, nawe utalipia kila mita kwenye kituo cha mafuta.

Linganisha na 7A-FE ya lita 1.8, ile iliyokuwa kwenye Carina na Caldina. Nguvu farasi zake ni chini ya 120, na hakuna anayejisifia kwayo. Lakini toki yake, takriban nyutonimita 157, hufika kilele kwenye mizunguko 2,800 hivi, palepale mguu wa dereva wa Kapkatet unapokaa. Kwa mtu anayebeba familia, mimi ningechagua hiyo bila kusita. 5A, 4A na 7A ni za jamii moja, kwa hiyo hata kuipandikiza si vita.

"Injini hupoteza nguvu huku juu."

Kweli kabisa. Kapkatet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 2 ya nguvu yake kwa kila mita 200 hivi. Kwa jumla, ikifika hapa imebaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake. Zile farasi 165 za Japani zinakaribia 130, na zile 100 zinakaribia 80. Injini yenye tabo haiathiriki kiasi hicho kwa sababu hujisukumia hewa yenyewe, lakini joto lake linataka rejeta nzuri na oili ya kuaminika.

"Ikishaingia na ikawaka, kazi imekwisha."

Si kweli. Fungua boneti ya gari lililobadilishwa kwa haraka uangalie. Utakuta waya tano zimeunganishwa kwa utepe mweusi tu, mpira wa maunti mmoja umekaa upande, na ekzosi inagusa sakafu kila gari linapopita tuta. Rejeta ni ileile ya injini ndogo. Ndiyo maana wanaojua hununua nozikati nzima kutoka Japani: injini, giaboksi, kompyuta na nyaya zake zote zikiwa pamoja.

Kisha breki. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo iliyozidi ya lile la kilomita 60 kwa karibu asilimia 78, na yote hiyo ni lazima breki ziigeuze joto. Levin ya 4A-GE ilikuwa na diski mbele na nyuma. Corolla 110 nyingi zina dramu nyuma. Ukichukua injini ya Levin ukaacha breki zake, umenunua nusu ya gari, tena ile nusu ya hatari. Fikiria mteremko, mvua ya alasiri ambayo huku haikosi, na lori la majani chai limesimama mbele yako kwenye kituo cha kununulia.

"Kubadilisha injini ni kosa la jinai."

Si kweli. Kosa ni kunyamaza. Nambari ya injini na ukubwa wake vimeandikwa kwenye logibuku. Vikibadilika, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, inapaswa kujulishwa na gari likaguliwe. Shika risiti ya injini na hati zake za kuingia nchini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na utakayeulizwa ni wewe.

"Bima italipa tu."

Usiitegemee. Ukiificha kampuni ya bima kwamba gari limebadilishwa, umeipa sababu ya kukataa kukulipa.

Basi kijana wangu, kabla hujatuma pesa za injini Nairobi, mpelekee fundi gari lako akague breki, shoki na tairi. Fedha za kwanza ziende huko. Zikibaki, mwulize bei ya 7A.