Barabara za Vijijini: Mwenda kwa Miguu Ahesabiwe Tangu Kwenye Mchoro

Katika Kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, kama ilivyo vijijini kwingi nchini, barabara hutumiwa zaidi na wanafunzi, wakulima wenye baiskeli zilizosheheni mizigo na waendesha bodaboda kuliko magari. Hata hivyo, barabara inapochongwa au kuwekewa lami, anayenufaika kwanza ni dereva, kwa kuwa mwendo huongezeka. Mtoto anayekwenda shule hubaki palepale alipokuwa, pembezoni mwa magari yanayopita kwa kasi kuliko jana.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Gari lenye mwendo huo hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likiwa na kilomita 30 hupita takriban mita nane. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya dereva kushika breki. Kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Tuta lililojengwa vizuri kabla ya shule, zahanati au gulio hulipunguza, hata pasipo askari.

Sehemu inayosahaulika mara nyingi ni kalavati. Barabara huweza kuwa na mabega mapana kilomita nzima, kisha ikafika kwenye kalavati fupi inayotosha magari tu. Hapo mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli hulazimika kuingia katikati ya barabara, na masika mtaro unapojaa hawana pengine pa kupita. Kurefusha kalavati wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Kurudi kuivunja baadaye ni mradi mwingine. Vivyo hivyo, kituo cha basi hufaa kuwekwa baada ya kivuko, ili abiria avukie nyuma ya gari na aonekane na madereva wengine.

Mfano upo nchini. Jijini Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend wa kujenga njia za miguu, vivuko na matuta kuzunguka shule za msingi ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute mwaka 2019. Vifaa vyake si vya ajabu: zege, rangi, vibao na nguzo fupi za kuzuia magari.

Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Zile za wilaya, zikiwemo zinazounganisha vijiji, ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Zote hutegemea kwa kiasi kikubwa tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, hivyo fedha hazitoshi kila hitaji, na kata haiwezi kutarajia njia ya baiskeli kila mahali. Inaweza kuomba mita mia chache zilizo mbele ya shule.

Ombi hilo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria huitishwa walau kila baada ya miezi mitatu, kisha huingia kwenye kikao cha maendeleo ya kata na kumfikia meneja wa TARURA wa wilaya. Wananchi waombe kuonyeshwa mchoro, na waulize kivuko kitakuwa wapi na kalavati itaishia wapi, kabla mkandarasi hajaleta mitambo.