Wapiga Makasia Chini ya Wimbi

Mgeni mmoja anayependa kupanga nyumba hapa Bofa, pwani, aliniletea postikadi kutoka Japani, kwa kuwa ananijua mimi ni fundi wa mbao. Picha zilizomo ni za kale, lakini zimetiwa vituko. Kwenye moja, mwanamke aliyechorwa na Utamaro, mchoraji wa kale wa Kijapani, ameshika simu ya mkononi. Kwenye nyingine, paka anateleza juu ya mawimbi akiwa amesimama kwenye ubao. Ya tatu ina uso wa plastiki wenye mifereji midogo. Ukiiinamisha, wimbi linapanda na kushuka. Hiyo watoto wa jirani wameigombania mpaka kona zimechakaa.

Picha hizi huitwa ukiyo-e, na hazikuwa mali ya wafalme. Katika karne ya 19, mtu wa kawaida wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, aliweza kununua moja kwa bei iliyokaribia ile ya bakuli moja au mawili ya tambi. Kwa hiyo sioni ubaya wowote zikiishia ukutani jikoni kwa mtu. Hata mama zetu wa pwani walizoea vitu vilivyochapwa na Wajapani: leso nyingi walizojifunga katikati ya karne ya 20 zilitoka huko.

Kazi yenyewe iligawanywa. Mchapishaji alitoa fedha na mchoraji akachora. Kisha mchongaji alibandika karatasi ya mchoro kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga akiikata karatasi pamoja na mbao, hata mchoro wa awali ukapotea palepale. Kila rangi ilihitaji uso wake wa ubao. Mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni kwa kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Mimi huchonga nakshi za fremu za milango, na nikitazama vile vidole vya povu kwenye picha ya wimbi, mikono inaniwasha. Ule mstari mwembamba ni mbao iliyoachwa imesimama, na kila kilichokuwa kando yake kimeondolewa. Patasi ikiteleza hapo, mstari umekatika. Jina linaloonekana juu ya picha hiyo ni la mchoraji, Hokusai. Ningependa sana kumjua na yule aliyeshika patasi.

Katsushika Hokusai alichora picha hiyo, iitwayo Wimbi Kuu, mnamo 1831 hivi, akiwa ameshapita miaka 70. Ni moja ya picha 46 za mlima Fuji, na mlima wenyewe unaonekana mdogo kule nyuma, unaweza kuudhani wimbi jingine. Buluu yake ilitokana na rangi iliyobuniwa Ulaya. Tangu Julai 2024 picha hiyo imo kwenye noti ya yeni 1,000.

Nilimwonyesha picha hiyo kaka yangu, ambaye ni mvuvi. Wimbi hakulisemea neno. Aliweka kidole juu ya vyombo vilivyo chini yake.

"Hawa walivuka?"

Nikamwambia picha haisemi.

"Nahodha wao anajua kazi, mdogo wangu. Ameelekeza omo kwenye wimbi. Wangelipa ubavu wangekwisha."

Vyombo ni vitatu, virefu na vyembamba, vya kukimbiza samaki sokoni Edo, na katika kila kimoja wapiga makasia wanane wamejikunja juu ya makasia yao. Kwa mtu wa Bofa, anayejua kusi likichacha ni nani atakayebaki nchi kavu na nani atatoka hivyohivyo kwa sababu nyumbani hakuna kitu, habari ya picha hii ni watu hao.

Na hao ndio wanaopotea kwenye kadi. Picha asili ina sentimita 37 kwa 25 hivi. Postikadi ina 15 kwa 10, na vichwa vya watu vinabaki kama nukta. Kwenye kadi ya paka, vyombo vimefutwa kabisa ili paka apate nafasi. Kituko hakinisumbui, paka yule anapendeza. Kinachoniuma ni kuwatoa watu baharini na kuliacha wimbi likiwa pambo. Kadi ya plastiki imewabakiza wote, na wimbi likisogea nao wanasogea. Kwangu hiyo ndiyo bora, ingawa ndiyo iliyoonekana ya kitoto kuliko zote.

Ukikutana na Wimbi Kuu, liwe kwenye kadi, fulana au kikombe, tazama juu kushoto: kisanduku cha maandishi ni jina la picha, na kando yake ni saini. Kisha shuka chini ukahesabu vyombo. Tazama kama kuna kilichokatwa.